Wakimbizi waliobishana kuhusu mwanzo wa ulimwengu

Wiki hii tunaleta historia ya sayansi. Tunajua wengine mtasema: sisi na nyota, wapi na wapi? Subirini kidogo. Hii ni habari ya vijana waliolala kwenye sakafu ya saruji, wamezungushiwa seng'enge, na baadaye wakatoa nadharia kuhusu ulimwengu mzima. Nadharia yao ilishindwa. Na mmoja wa waliokuja kuizika alikuwa naye mtoto mkimbizi. Lakini ilishindwa kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo tunataka tuiongelee, maana inatuhusu hata sisi tunaokaa kwenye mahema na nyumba za udongo.

Ulimwengu kuwa somo

Kosmolojia ni elimu ya ulimwengu wote ukitazamwa kama kitu kimoja. Kama tunavyoijua leo, ilianza 1917. Mwaka huo Albert Einstein alichukua nadharia yake mpya ya uvutano akajaribu kuitumia kwa ulimwengu mzima. Hesabu zikamletea shida: zilisema ulimwengu hauwezi kutulia, lazima utanuke au ujikunje. Einstein aliamini ulimwengu umetulia, basi akaongeza kitu kimoja ndani ya hesabu ili kuuzuia usitembee.

Mwaka 1922 Mrusi Alexander Friedmann alionyesha kwamba hesabu zinakubali ulimwengu unaotanuka. Hakuishi kuona matunda yake: 1925 alikufa kwa homa ya matumbo, ugonjwa ambao sisi tunaujua vizuri, akiwa na miaka 37. Mwaka 1927 padri Mbelgiji, Georges Lemaître, alifika mahali pale pale kwa njia yake mwenyewe, tena akaunganisha hesabu na vipimo vya galaksi. Mwaka 1929 Edwin Hubble huko Marekani alitangaza vipimo vinavyoonyesha kwamba galaksi iliyo mbali zaidi inatukimbia kwa kasi zaidi.

Walijuaje zinakimbia? Bodaboda ikikupita, mlio wake unabadilika: ikija ni mwembamba, ikienda unakuwa mzito. Mwanga nao uko na tabia kama hiyo. Wa kitu kinachoenda mbali unasogea upande wa rangi nyekundu, na mwanga wa galaksi karibu zote ulikuwa hivyo.

Msifikiri kwamba sisi ndio tuko katikati na vitu vyote vinatukimbia sisi. Chukua donge la unga wa maandazi lenye hamira, changanya karanga ndani. Donge likiumuka, kila karanga itaona zingine zote zinaenda mbali, na hakuna karanga ya kusema mimi ndiye wa katikati.

Sasa rudisha nyuma huko kuumuka. Jana galaksi zilikuwa karibu zaidi, juzi karibu zaidi tena. Mwaka 1931 Lemaître alisema wazi: kulikuwa na mwanzo, ulimwengu wote ukiwa umebanana pamoja kama atomu moja.

Hapo kukatokea matatizo mawili. La kwanza ni la umri. Kwa vipimo vya Hubble, ulimwengu ulikuwa na miaka kama bilioni 2 tu. Lakini wanajiolojia, kwa kupima mawe, walishaifikisha dunia yetu zaidi ya miaka bilioni 3. Mtoto atamzidije mama umri?

Tatizo la pili ni la falsafa. Daktari anaweza kulinganisha wagonjwa elfu moja. Mkulima anaweza kujaribu mbegu katika mashamba mawili. Lakini ulimwengu ni mmoja tu, hatuna wa pili wa kulinganisha, na hatuwezi kuuanzisha upya tuone. Kuna wanasayansi na wanafalsafa waliosema basi hiyo siyo sayansi, ni hadithi zilizovalishwa hesabu. Swali hilo lilikuwa zito, na halikuwa na jibu rahisi.

Waliomkimbia Hitler wakafungwa kama watu wa Hitler

Hermann Bondi alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1919. Thomas Gold naye alizaliwa Vienna, 1920. Wote walikuwa na asili ya Kiyahudi. Hitler alipochukua madaraka Ujerumani 1933, familia ya Gold ilikuwa inaishi Berlin, ikaondoka. Bondi alikwenda kusoma Cambridge, Uingereza, mwaka 1937. Mapema 1938 aliona hatari inakuja, akawapelekea wazazi wake simu ya maandishi: tokeni Austria sasa hivi. Walitoka siku chache tu kabla majeshi ya Hitler hayajaingia. Wengi wetu tunajua uzito wa ujumbe wa namna hiyo, na tunajua familia ambazo ujumbe uliwafikia wakiwa wamechelewa.

Mwaka 1940 Wajerumani walikuwa wanaingia Ufaransa, na Uingereza ikashikwa na hofu ya majasusi. Serikali ikaamuru wanaume wenye uraia wa Ujerumani na Austria wawekwe kizuizini. Haikutazama sana nani ni nani. Kwa hiyo maelfu ya Wayahudi waliokuwa wamemkimbia Hitler walifungwa kwa kushukiwa kuwa watu wa Hitler. Karatasi ilisema wametoka nchi ya adui, na karatasi ndiyo iliyosikilizwa.

Bondi na Gold walikuwa wanasoma chuo kimoja lakini hawakujuana. Walikutana kizuizini, usiku wa kwanza, wamelala chini kwenye saruji. Baadaye walipelekwa Canada kwa meli. Safari zile zilikuwa za hatari kweli: Julai 1940 meli Arandora Star, iliyobeba Wataliani na Wajerumani waliokuwa wanahamishwa hivyo hivyo, ilipigwa na nyambizi ya Ujerumani, na watu zaidi ya 800 wakafa baharini.

Kule Quebec, ndani ya kambi, wafungwa walianzisha chuo chao wenyewe. Hakuna aliyewaletea. Mwenye kujua hisabati alifundisha hisabati, mwenye kujua fizikia alifundisha fizikia. Bondi, kijana wa miaka 20, alikuwa mmoja wa walimu. Aliyepanga masomo hayo alikuwa Max Perutz, naye mzaliwa wa Vienna, ambaye mwaka 1962 alipata tuzo ya Nobel ya kemia.

Ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, hapa tunawaomba msimame kidogo. Katika orodha ya kambi ile, watu hawa walikuwa majina na namba, wanahesabiwa asubuhi na jioni. Orodha inaweza kukuonyesha mtu anahitaji blanketi. Haiwezi kukuonyesha ana nini kichwani. Tunachoomba ni kitu cha bei ndogo: chumba, ubao, chaki, na taa ya jioni. Mambo mengine vijana wenyewe wanaweza.

Foleni ya bomba

Waliachiwa 1941, wakarudi Cambridge. Halafu kukatokea kitu cha kuchekesha: serikali ile ile iliyowaona hatari ikawachukua kwenye kazi ya siri ya rada za jeshi la majini. Mkuu wao alikuwa Mwingereza Fred Hoyle, mtu wa maneno makali. Mchana walifanya kazi ya vita, jioni walikaa katika nyumba ndogo ya kijijini wakibishana juu ya nyota. Urafiki ulioanza kwenye saruji ukapata mtu wa tatu.

Baada ya vita walirudi kwenye lile tatizo la umri. Hoyle alisimulia kwamba walienda kuangalia filamu ya kutisha, Dead of Night ya 1945, ambayo mwisho wake unarudi pale pale ilipoanzia. Gold akauliza: je, kama ulimwengu nao uko hivyo? Unasogea lakini haubadiliki?

Elewa hivi. Tazama foleni ya maji kwenye bomba. Mwenye kujaza ndoo anaondoka, mwingine anaingia nyuma. Ukipita saa mbili asubuhi foleni iko watu arobaini, ukipita saa nne ni arobaini, ingawa watu siyo wale wale. Foleni haina mabadiliko ingawa kila mtu ndani yake anasogea. Bondi na Gold walisema ulimwengu ni hivyo. Galaksi zinaachana, lakini katikati yao mata mpya inazaliwa polepole, inatengeneza galaksi mpya, na sura ya jumla inabaki ile ile. Hakuna mwanzo wala mwisho, na kwa hiyo tatizo la mtoto kumzidi mama halipo. Kiasi cha mata kinachohitajika kilikuwa kidogo mno, hata hakuna maabara ambayo ingeweza kukiona.

Walitoa nadharia hiyo 1948. Hoyle alitoa ya kwake mwaka ule ule, akianzia kwenye hesabu. Bondi na Gold walianzia kwenye falsafa. Walisema: tunachunguza nyota za mbali kwa kutumia sheria za fizikia tulizozijua hapa, leo. Kama ulimwengu wa zamani ulikuwa tofauti kabisa, ni nani atatuhakikishia kwamba sheria zenyewe zilikuwa hizi hizi? Katika ulimwengu ulio sawa mahali pote na wakati wote tunaweza kusema kitu kwa uhakika. Hilo walilifanya kanuni.

Wengi walikasirika. Mwaka 1953 Herbert Dingle, rais wa chama cha wanaastronomia cha Uingereza, alitumia hotuba yake kuwashambulia: hicho mnachokiita kanuni ni dhana tu mliyojitungia, msiivalishe nguo ya sheria. Na ukiangalia, alikuwa na hoja.

Sasa tufike penyewe. Bondi alikuwa na jibu kwa Dingle, na jibu hilo ndilo lilitufanya tuandike habari hii. Alimpenda sana mwanafalsafa Karl Popper, mwana wa Vienna mwenzake, ambaye naye aliondoka 1937 kwenda New Zealand kwa sababu ya hali ile ile. Popper alifundisha kwamba nadharia ya sayansi haipimwi kwa wingi wa watu wanaoisifu. Inapimwa kwa kuwa tayari kuumia. Mwenye nadharia aseme kabla: mkiona kitu fulani, basi mimi nimekosea. Asiyeweza kusema hivyo, maneno yake yanaweza kuwa mazuri, ila siyo sayansi.

Na nadharia ya Bondi na Gold ilikuwa imejianika juani. Mwanga wa mbali umesafiri muda mrefu mpaka kutufikia. Ni kama habari ya nyumbani inayokufikia miezi miwili baadaye: unaambiwa hali ya wakati ule, siyo ya leo. Kwa hiyo kutazama mbali ni kutazama zamani. Wao walisema zamani ilikuwa kama leo. Basi darubini ikionyesha kwamba galaksi za mbali sana kwa jumla ni tofauti na za karibu, nadharia imekufa, hakuna kujitetea. Hapo lile swali la ulimwengu mmoja likapata jibu la vitendo: ulimwengu ni mmoja, kweli, lakini unaweza kukukatalia.

Hukumu

Upande wa pili naye alikuwepo mkimbizi. George Gamow alizaliwa Odessa. Mwaka 1932 yeye na mke wake walijaribu kuvuka Bahari Nyeusi kwa mtumbwi mdogo wa makasia kuelekea Uturuki, hali ya hewa ikawarudisha. Waliotoka kwa mitumbwi kati yetu hawahitaji maelezo. Mwaka 1933 walipata ruhusa ya kwenda mkutano wa sayansi Brussels, hawakurudi tena. Akiwa Marekani, mwaka 1948 Gamow na mwanafunzi wake Ralph Alpher walieleza kwamba ulimwengu wa mwanzo ulikuwa wa moto mkali, na humo haidrojeni ikapikwa kuwa heliamu. Mwaka huo huo Alpher na Robert Herman wakapiga hesabu: mabaki ya joto lile lazima bado yapo, yamepoa mpaka nyuzi kama 5 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Watu hawakushughulika kuyatafuta.

Jina la Mlipuko Mkubwa lenyewe lilitoka kwa mpinzani: Hoyle alilitumia katika redio ya BBC mwaka 1949, likashika mpaka leo.

Pigo la kwanza lilipigwa mapema mno. Mwaka 1955 Martin Ryle wa Cambridge alihesabu vyanzo vya mawimbi ya redio angani, akatangaza kwamba nadharia ya Bondi na Gold imekwisha. Wataalamu wa Australia walipohesabu, hawakupata alichopata yeye. Waliotetea nadharia walikuwa na haki ya kumkatalia, maana kipimo lazima nacho kipimwe. Mwaka 1961 Ryle alirudi na hesabu safi zaidi, na safari hii ilikuwa ngumu kumpinga: vyanzo hafifu, yaani vya mbali na vya zamani, vilikuwa vingi kuliko nadharia ilivyoruhusu. Zamani haikuwa kama leo.

Halafu ikaja 1964. Huko Holmdel, New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa yenye umbo la pembe. Kulikuwa na kelele ndogo isiyoisha. Waligeuza antena huku na huku, kelele ni ile ile, mchana na usiku, misimu yote. Waliwakuta njiwa wamejenga ndani, wakawatoa na kusafisha kinyesi chao. Kelele ikabaki. Mwishoni waliwasiliana na wanafizikia wa Princeton, na 1965 ikajulikana: yalikuwa yale mabaki ya joto la mwanzo, nyuzi kama 3 juu ya baridi ya mwisho kabisa, yakitoka kila upande wa anga. Ulimwengu ambao haujawahi kuwa na moto usingekuwa na sababu ya kujaa joto hilo.

Na Arno Penzias ni nani? Alizaliwa Munich mwaka 1933, familia ya Kiyahudi. Mwaka 1938 familia ilikamatwa ipelekwe Poland, ikarudishwa. Mwaka 1939, akiwa na miaka 6, aliwekwa kwenye treni na mdogo wake, bila wazazi, kwenda Uingereza. Wazazi waliwafuata baadaye, na Januari 1940 wote walifika New York. Mwaka 1978 Penzias na Wilson walipata Nobel. Kwa hiyo joto ambalo mkimbizi Gamow na vijana wake walilieleza, mkimbizi Penzias alilisikia, na kwa hilo nadharia ya wakimbizi Bondi na Gold ikaanguka.

Na umri? Mwaka 1952 Walter Baade alikuwa ametangaza kwamba vipimo vya umbali vya Hubble vilikuwa na kasoro, umri wa ulimwengu ukaongezeka mara mbili, na uliendelea kurekebishwa. Leo tunasema bilioni 13.8, na dunia bilioni 4.5. Mama amerudi kuwa mkubwa.

Walioshindwa walipata nini

Kwanza, nadharia iliyoshindwa iliacha mali. Kwa kuwa Hoyle hakuwa na mlipuko wa kupika elementi, ilibidi atafute jiko lingine, akalipata ndani ya nyota. Kazi yake na wenzake watatu ya mwaka 1957 imesimama mpaka leo: kaboni ya mwili wako na chuma cha damu yako vilitengenezwa na nyota. Bila ubishi wa Hoyle labda jambo hilo lingechelewa.

Pili, maisha yao hayakwisha kwa kushindwa. Gold mwaka 1968 alieleza pulsa, zile nyota zinazotoa mapigo ya redio, kwamba ni nyota ndogo nzito zinazozunguka, na alikuwa sahihi. Bondi aliongoza shirika la Ulaya la utafiti wa anga, kisha akawa mshauri mkuu wa sayansi wa wizara ya ulinzi ya Uingereza, nchi iliyomweka nyuma ya seng'enge. Hoyle aliendelea kupigana mpaka alipokufa 2001, na alama za sahani haziwezi kufutwa kwa ukaidi.

Kuna wanaouliza kuhusu dini. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliongea kana kwamba sayansi mpya inaunga mkono habari ya uumbaji. Aliyehuzunika ni Padri Lemaître mwenyewe. Hakutaka imani ya watu itegemee nadharia ambayo kesho darubini inaweza kuibadilisha, wala hakutaka nadharia ilindwe na imani. Tunaona hapo busara ya kusaidia Wakristo na Waislamu wote.

Turudi kwetu. Kambini tunaishi kwa maneno. Mgao utapunguzwa. Watu wa eneo fulani watahamishwa. Safari za kupelekwa nchi ya tatu zimefunguliwa, toa pesa kidogo jina lako liingie. Vita imekwisha, rudini. Mengine ni kweli, mengine yamekula akiba ya mama zetu. Na sisi huwa tunauliza swali dhaifu: nani kasema? Tuongeze swali la Bondi: tukiona nini, utakubali kwamba umekosea? Anayesema orodha itabandikwa tarehe fulani, ukutani pa ofisi fulani, huyo amejianika. Tarehe ikipita bila orodha, tumemjua. Lakini anayesema itakuja tu, ikichelewa ni kwa sababu ya imani yako ndogo au hujaongeza pesa, huyo hakuna siku atashindwa, na hiyo ndiyo sababu ya kumkimbia. Swali hili siyo la kuwauliza wapita njia peke yao. Hata ofisi zinazotuletea mipango tuziulize kwa adabu: mradi huu tukiona nini tutajua haukufanya kazi? Na sisi wa kikundi hiki tuulizwe hivyo hivyo.

Kwa mjadala wa Jumamosi chini ya mti: kila mmoja aje na jambo moja analoliamini sana kuhusu maisha yetu hapa, halafu aseme mbele ya wenzake ni kitu gani akikiona ataliacha. Wadogo zetu wa sekondari mje na daftari. Ubao tuko nao, chaki tutatafuta.